Dakika mbili kwa kila kituo: mtihani wa vitendo wa Biolojia chuoni unavyoendeshwa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimeanza mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi na ualimu, nikisoma Biolojia na Kemia, katika chuo kimoja hapa Tanzania. Shuleni kwetu hadubini ilikuwa moja kwa darasa zima, na mtihani wa vitendo wa kidato cha sita niliufanya nikiwa mahali pamoja, vifaa vyangu vikiwa mbele yangu. Hapa waliotutangulia wanatuambia kuwa mtihani wa vitendo unafanywa kwa kengele, mtu anahama meza moja hadi nyingine, na kwamba wengi hupata sapu, yaani mtihani wa marudio, humo. Mtihani huu unaendeshwaje hasa, kwa nini unafanywa hivyo, na mtu aliyetoka shule isiyo na maabara ya maana ajiandaeje?

Jibu: Marahaba. Umefanya vema kuuliza wiki za mwanzo, kwa sababu swali kama lako kwa kawaida hunifikia siku mbili kabla ya mtihani, wakati maabara imekwisha kufungwa ili vielelezo vipangwe na mwanafunzi hana tena la kufanya ila kupitia daftari. Nimetunga na kusimamia mitihani hii katika kozi za mwaka wa kwanza kwa muda mrefu, na ingawa kila chuo kina taratibu zake, umbo la mtihani wenyewe halibadiliki sana. Namba nitakazotaja ni za kozi niliyoifundisha mimi. Za kwako utazikuta katika mwongozo wa kozi, na kama hazimo muulize mhadhiri wako bila woga, kwa kuwa idadi ya vituo na muda wa kila kituo si siri.

Nianze na kengele, maana ndiyo inayowatisha watu. Shuleni, swali la vitendo hutungwa kwa kitu ambacho kila mtahiniwa anaweza kuwekewa mezani pake: muhogo, maharage yaliyochipua, mende, jani la mpapai, myeyusho wenye wanga na protini. Maelekezo hutangulia kufika shuleni ili mwalimu atafute vitu hivyo kwa idadi ya watahiniwa, na ndiyo sababu ulikaa mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Chuoni tunataka kupima vitu visivyopatikana kwa idadi hiyo. Fuvu zima la mbwa lenye meno yake yote 42 ni moja katika idara nzima; tegu aliyehifadhiwa vizuri katika chupa ya formalini ni mmoja; slaidi za ncha ya mzizi wa kitunguu zinazoonyesha bila utata metafezi, hatua ya mgawanyiko wa seli ambamo kromosomu hujipanga katikati, ziko tatu, na moja imepasuka pembeni. Wanafunzi ni 120. Hapo hakuna njia nyingine ila kukiacha kielelezo mahali pake na kuwapitisha wanafunzi mbele yake kwa zamu, kila mmoja kwa muda uleule. Kengele ni chombo cha kugawa haki hiyo kwa usawa, na wenzenu wa udaktari wanauishi utaratibu huohuo katika mitihani yao ya kliniki inayoitwa OSCE, ambayo Ronald Harden na wenzake wa Dundee, huko Uskoti, waliieleza kwa maandishi mwaka 1975.

Hesabu yake ni hii. Vituo ni 24: 20 vina maswali na vinne ni vya kupumzika, vilivyowekwa kila baada ya vituo vitano. Kila kituo kina dakika mbili na sekunde 15 za kuhama, hivyo mzunguko mmoja huchukua dakika 54. Wanafunzi 24 huingia kwa pamoja, kila mmoja akianzia kituo chake, na wanafunzi 120 hufanya makundi matano. Ukiongeza robo saa baina ya kundi na kundi, ambamo fundi sanifu wa maabara hupita kukagua kila hadubini na kubadilisha vielelezo vilivyokauka, kazi inayoanza saa mbili asubuhi humalizika kama saa saba na nusu mchana. Ndiyo maana makundi yanayosubiri hukaa ukumbini bila simu, na waliomaliza hutolewa kwa mlango mwingine na kuzuiwa mpaka kundi la mwisho liwe limekwisha kuingia ukumbini humo. Wanafunzi hulalamikia zuio hilo kila mwaka, nami nawaelewa, lakini sijaona mbadala unaofaa zaidi. Kutunga seti tano tofauti kungezua malalamiko makubwa zaidi, kwa kuwa hakuna fuvu mbili zenye ugumu sawa.

Matokeo yake mengine ni kwamba mtihani huu hauna nafasi ya mchelewaji. Mnyororo wa watu 24 ukishaanza kuzunguka, anayekuja dakika kumi baadaye hana pa kuingilia bila kumvurugia mwenzake, na vielelezo hubomolewa jioni ileile kwa sababu vingine ni vibichi na hadubini zinatakiwa na kozi nyingine kesho yake. Mwanafunzi aliyeugua hutungiwa mtihani mwingine, na kwa kuwa kuuandaa upya ni kazi ya siku nzima, mara nyingi husubiri mpaka wakati wa mitihani ya marudio. Fika nusu saa kabla.

Usiku wa kuamkia mtihani ni wa fundi sanifu kuliko wa mhadhiri. Kila hadubini huwekwa slaidi yake, hulengwa, na kielekezi huelekezwa kwenye seli au tishu inayoulizwa. Katika hadubini zetu za zamani kielekezi hicho ni unywele mmoja uliobandikwa ndani ya lenzi ya jicho, ukionekana kama mstari mweusi unaoishia katikati ya picha. Slaidi ikisogezwa kidogo tu, unywele huelekeza kitu kingine kabisa, na kila anayefuata atajibu kwa usahihi swali ambalo halikuulizwa. Kwa hiyo ruhusa yako ni moja: unaweza kugusa skrubu ndogo ya kulengea, kwa sababu macho ya watu hayafanani, lakini usiguse slaidi, usibadilishe lenzi, usigeuze skrubu kubwa. Katika chuo kimoja nilichofundisha zamani mwanafunzi wa nne aliisukuma slaidi, akaogopa kusema, na tulikuja kugundua baada ya kundi zima kupita. Ilibidi kituo hicho kifutwe kwa watu wote, wakiwamo waliokuwa wamekipata. Ukiona giza au ukungu usiotengemaa, nyosha mkono papo hapo, kabla kengele haijalia. Msimamizi atakusogezea au atakupa dakika zako mwishoni. Ukinyosha mkono ukiwa kituo kinachofuata, hana tena njia ya kujua ulichokiona.

Umeme ni jambo la kuandaliwa pia. Sisi hupanga hadubini za kioo cha kuakisia mwanga karibu na madirisha, ili umeme ukikatika mzunguko usisimame, na kama utakutana na mojawapo usidhani umepewa chombo kibovu.

Sasa kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko lolote, nalo halihusu Biolojia hata kidogo. Karatasi ya majibu imepangwa kuanzia namba 1 hadi 24. Wewe umeanzia kituo cha 16. Jibu lako la kwanza linatakiwa kuandikwa kwenye namba 16, la pili 17, na ukimaliza 24 unakwenda kituo cha 1. Kila mwaka wapo wanaoandika jibu la kwanza kwenye namba 1 kwa mazoea ya maisha yote, wakagundua katikati ya safari, na kuanza kuchora mishale huku kengele zikiendelea. Kabla mzunguko haujaanza, zungushia duara namba ya kituo chako cha kuanzia. Vituo vya kupumzika navyo vina namba, na nafasi yake katika karatasi huachwa wazi. Tumia dakika hizo kusoma upya majibu matano yaliyopita, maana karatasi ni yako mpaka mwisho, ingawa kielelezo umeshakiacha.

Tuje kwenye maswali yenyewe, kwa sababu hapa ndipo alama zinapotoka. Kituo kizuri huwa na maswali mawili au matatu mafupi: kitambue kitu hiki, toa sababu moja au mbili zinazoonekana, eleza kazi yake au kitofautishe na kingine. Neno zito ni hilo la pili. Weka mfano wa kisahani chenye maji na viluwiluwi wa mbu walio hai. Swali linasema: taja jenasi, na utoe sifa moja inayoonekana iliyokuongoza. Anayejibu kuwa ni Anopheles kwa sababu hueneza malaria amepata jina na kupoteza sababu, kwa kuwa malaria haionekani ndani ya kisahani. Anayeandika kwamba viluwiluwi wamelala sambamba na uso wa maji na hawana mrija wa kupumulia amekijibu kituo chote. Wa Culex wangekuwa wanainama vichwa chini, mrija wao ukigusa uso wa maji. Ikiwa badala yake amewekwa mbu mzima wa kike aliyechomwa pini, mkao wake hauna maana tena, na jicho linapaswa kwenda kwenye palpi, vile vipapasio viwili vilivyo kando ya mdomo: kwa Anopheles zina urefu unaokaribia wa mdomo wa kufyonzea, kwa Culex ni fupi sana. Swali ni lilelile na mdudu ni yuleyule, lakini ushahidi umebadilika kwa sababu kielelezo kimebadilika, na hilo huwezi kulijibu kwa kukariri orodha moja ya tofauti.

Pingili za uti wa mgongo ni mfano mwingine ambao watunzi hawauachi, nami ni miongoni mwao. Pingili ya kifua hujulikana kwa mchomozo wake mrefu wa mgongoni unaoinamia nyuma na sehemu laini ambazo mbavu huungania. Ya shingo hujulikana kwa matundu mawili ya pembeni yanayopitisha mishipa ya damu. Atlasi, pingili ya kwanza ya shingo, haina sentramu, yaani ule mwili mnene wa pingili, na aksisi, ya pili, ina jino linaloingia ndani ya atlasi. Ukisoma sentensi hiyo nyumbani utaona ni rahisi. Lakini katika kituo utapewa mfupa mmoja wa sungura, umegeuzwa chini juu, na hakuna wa kuulinganisha nao. Aliyewahi kuishika pingili mkononi huigeuza kwanza, ikiwa imeruhusiwa kushikwa, akaitazama kwa nyuma, kisha akaandika. Aliyeijua kwa picha ya kitabuni husubiri ielekee kama ilivyochorwa. Vivyo hivyo kwa mkato wa mzizi wa mmea wa dikotiledoni (wenye mbegu za ghala mbili, kama maharage), ambako zailemu, tishu ya kupitisha maji, hukaa katikati kwa umbo la nyota na floemu, tishu ya kupitisha chakula, baina ya mikono yake, dhidi ya shina lake, ambako mafungu ya tishu hizo hupangika kwa duara: kitabu huonyesha mkato uliokamilika, hadubini hukuonyesha robo yake.

Yapo maswali ya hesabu pia, na huwaangusha hata wazuri. Lenzi ya jicho imeandikwa 10×, lenzi ya chini 40×, basi ukuzaji wote ni mara 400, wala si 50. Ukiambiwa kipenyo cha eneo unaloliona kwa ukuzaji huo ni milimita 0.45, na seli tisa zimejipanga kutoka ukingo hadi ukingo, badili kwanza kuwa mikromita 450, gawa kwa tisa, upate 50. Dakika mbili zinatosha kabisa kwa kazi hiyo ikiwa umewahi kuifanya, na kikokotoo hakihitajiki.

Karatasi itakuwa kwa Kiingereza na utajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo tahajia ina uzito. Kanuni yangu, ambayo wasahihishaji wengi huifuata, ni kwamba neno la kawaida lililokosewa herufi moja bila kubadili maana hupata alama yake. Jina la kisayansi hupunguziwa. Jina la jenasi huanza na herufi kubwa, la spishi na herufi ndogo, na kwa kuwa unaandika kwa mkono hupigiwa mstari chini, kila neno mstari wake. Kuna wanaoona huu ni ukaidi. Mimi naona mwalimu mtarajiwa wa Biolojia anayeandika jina la mende ubaoni kimakosa atawarithisha kosa hilo watoto wengi, kwa hiyo sijawahi kulegeza.

Hayo ni ya vituo. Kozi nyingi huongeza sehemu ya pili, siku nyingine, ya kufanya kazi mwenyewe mezani kwa saa mbili au tatu, na hiyo itakukumbusha shuleni. Utapewa kwa mfano myeyusho wa wanga na amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, katika halijoto tatu tofauti, uchukue tone kila baada ya dakika moja na kulichanganya na ayodini kwenye kigae cheupe, mpaka rangi ya buluu-nyeusi isipotokea tena na ayodini ibaki na kahawia yake. Anayedhani alama ziko kwenye kupata jibu lililo sawa na la jirani amekosea sana. Msahihishaji anatazama kama jedwali lina vichwa na vipimo, kama ulianza kuhesabu muda mara ulipochanganya, kama uliosha kitonesho baina ya halijoto moja na nyingine, na kama umekiri matokeo yako yalivyokuwa. Kimeng'enya kilichokaa sana juani huharibika, na kundi zima linaweza kuona wanga usioisha. Mwanafunzi anayeandika alichokiona na kupendekeza sababu hupata alama nyingi kuliko anayepika matokeo ya kitabuni, na amini usiamini, upishi huo huonekana, maana sisi wenyewe tumelijaribu zoezi hilo asubuhi yake. Mchoro nao una sheria zake za kale: penseli iliyochongwa, mistari isiyokatika, hakuna kutia kivuli, mistari ya majina haikatizani, na ukuzaji umeandikwa chini. Chora ulichokiona, hata kama seli yako imekunjamana.

Kuhusu sapu, katika kozi zangu alama za vitendo ziliingia kwenye zile 40 za kazi za muhula, na mtihani wa mwisho ulibeba 60, hivyo kituo kimoja ulichokikosa hakimwangushi mtu. Wanaoanguka kwa kawaida ni waliokuwa wakisaini mahudhurio na kuondoka baada ya kunakili mchoro wa jirani. Hao huingia kwenye vituo wakikutana na vielelezo kwa mara ya kwanza, na hata ukiwapa dakika kumi badala ya mbili, hawatapata cha kuongeza kwenye karatasi.

Kwa hiyo maandalizi yako yaanzie maabara. Vyuo vingi hufungua maabara kwa saa kadhaa nje ya ratiba, au fundi sanifu hukubali ukimwomba kwa adabu; yeye ndiye anayejua kila slaidi iko droo gani, na ni hasara kumjua siku ya mtihani tu. Nendeni watatu. Mmoja apange vitu kumi mezani, hadubini tatu zikiwamo, aandike swali kwenye kipande cha karatasi kando ya kila kimoja, kisha awapimie wenzake dakika mbilimbili. Wiki inayofuata apange mwingine. Kupanga kunafundisha kuliko kujibu, kwa sababu anayetafuta kitu cha kuuliza hulazimika kukitazama kielelezo kwa jicho la mtunzi: ni sifa ipi iliyo wazi, ipi inaweza kuchanganywa na ya kitu kingine. Picha za simu zinasaidia usiku unapokumbuka, lakini hazikupi uzito wa mfupa wala uvumilivu wa kutafuta lengo.

Ikiwa huwezi kutofautisha nyekundu na kijani, au rangi nyingine zozote, mwambie mhadhiri sasa, kwa sababu slaidi nyingi za mimea na za bakteria hutegemea rangi, na kituo cha bakteria waliotiwa rangi kwa njia ya Gram huuliza zambarau au waridi na si zaidi. Kinaweza kubadilishwa kikajulikana mapema. Vilevile anayedhurika na harufu ya formalini, au mjamzito, ana haki ya kupangiwa vielelezo vilivyofungwa.

Umetaja shule isiyo na maabara kana kwamba ni deni. Nimewaona wengi wa namna yako, na pengo lao huonekana wiki tatu au nne za kwanza, hasa katika kulenga hadubini, kazi ambayo kila mtu hujifunza kwa vidole. Linaloliendeleza pengo hilo ni mpangilio wa makundi. Watu wanne wakipewa hadubini moja, aliyetoka shule yenye vifaa huikamata skrubu wiki ya kwanza, akaishika mpaka wiki ya mwisho, na watatu wakachora alichokipata yeye, wakimshukuru kwa kuwaharakishia kazi. Kwenye kituo hatakuwapo. Kuanzia zoezi la wiki hii mwombe akuachie, toa slaidi aliyokwisha kuilenga, uiweke upya wewe, na uanze na lenzi ndogo.